Kriketi, ukuta wa klabu na ufunguo wa lango

Tarehe 24 Februari 2003 uwanja wa Nairobi Gymkhana, pale Ngara, ulifurika watu waliokuja kutazama mechi ya Kombe la Dunia la kriketi. Siku chache kabla, New Zealand walikuwa wamekataa kutia mguu Nairobi kwa hofu ya usalama, pointi zikaenda kwa Kenya. Sri Lanka walikuja. Kenya ikaanza kupiga, ikapata mikimbio 210 kwa kupoteza wiketi 9, yaani wapigaji tisa wakiwa wametolewa, Kennedy Otieno peke yake akivuna 60. Kisha mdogo wake, Collins Obuya, akaanza kuuzungusha ule mpira wake. Wapigaji watano wa Sri Lanka wakaangukia mikononi mwake kwa mikimbio 24 tu, na wageni wakaishia 157.

Mwezi uliofuata Kenya ikawa nusu fainali ya Kombe la Dunia huko Durban, dhidi ya India. Ilipoteza kwa mikimbio 91, lakini hakuna aliyeona aibu. Hakuna nchi nyingine isiyo na hadhi ya kucheza mechi za siku tano iliyowahi kufika hapo, kabla ya siku ile wala baada yake. Na bado, Januari 2014, miaka 11 tu baadaye, Kenya ikavuliwa hata hadhi ya kucheza mechi za siku moja za kimataifa. Leo ukimwuliza kijana wa miaka 20 kule Umoja au Kayole Steve Tikolo, nahodha wa timu ile ya 2003, ni nani, usishangae akikukodolea macho.

Kila ninaposikia watu wakijadili anguko hilo, nakutana na kambi mbili. Ya kwanza inasema kriketi ilikuwa mchezo wa Wahindi tangu mwanzo. Mwafrika alikaribishwa uani, akaonyesha kipaji chake, wala hakupewa nafasi sebuleni. Wenye nyumba walipochoka, mchezo ukafungiwa ndani. Kambi ya pili inasema hayo ni maneno ya chuki. Bila klabu za Wahindi kusingekuwa na Tikolo wala Odumbe wala Obuya, na kilichoua mchezo ni viongozi walioshindwa kusimamia fedha na kuwaheshimu wachezaji.

Mimi naona kila kambi imeshika kweli, ila imeshika kipande. Ili kuviunganisha vipande hivyo lazima turudi nyuma, kabla ya 2003 na kabla ya Uhuru.

Reli ya kutoka Mombasa ilijengwa kati ya 1896 na 1901, na Waingereza walileta vibarua wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi. Wengi walirudi kwao, wengine walifia njiani, na elfu kadhaa wakabaki, wakafuatwa na wafanyabiashara, makarani na mafundi. Nairobi ilipokua, ilikua ikiwa imekatwa vipande kwa rangi. Mzungu alikaa penye miinuko na miti, Mwasia akakaa Ngara, Pangani na Parklands, na Mwafrika akasukumwa mashariki, Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni. Michezo nayo ikafuata ramani ileile. Wazungu walikuwa na mechi yao ya Maafisa dhidi ya Walowezi iliyoanza 1910, na tangu miaka ya 1930 wakawa na mechi ya Wazungu dhidi ya Waasia. Angalia majina ya timu zenyewe. Katika mechi hizo Mwafrika alikuwepo uwanjani, lakini akiwa mkata nyasi, mpishi wa chai, au mtoto wa kuokota mipira iliyovuka uzio.

Hapo ndipo kambi ya kwanza husimama na kusema, mnaona? Lakini wanasahau kwamba Mwasia naye alikuwa amefungiwa nje. Hakuruhusiwa kuwa mwanachama wa klabu za Wazungu. Akajijengea zake, kila jamaa kivyake: Wagoa, Masingasinga, Waismailia, Waislamu wa madhehebu mengine, na Wapatel wa Swamibapa. Klabu haikuwa ya kriketi peke yake. Harusi zilifanyika hapo, wazee walikutana hapo kuzungumza habari za ndoa na biashara, watoto walijifunza kuogelea, na msiba ukitokea watu walijua pa kukusanyika. Kwa jamaa waliokuwa wageni katika nchi iliyotawaliwa na wageni wengine, klabu ilikuwa nyumba. Ukiliita jambo hilo ubaguzi na kuishia hapo, unawatwika waliobaguliwa lawama nzima ya mfumo ambao hawakuutunga.

Lakini nyumba ya mtu ina mlango, na mlango una mwenyewe.

Nani basi aliufungua? Kwa maoni yangu, historia ndiyo iliyousukuma zaidi ya ukarimu, ingawa ukarimu ulikuwepo. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria ya leseni za biashara iliyowabana wasio raia. Mwaka uliofuata, Uingereza nayo ikaharakisha sheria ya kuwazuia Waasia wenye pasipoti zake, na maelfu wakakimbilia London kabla lango halijafungwa. Klabu zilizokuwa na vijana wa kutosha kuunda timu tatu zikaanza kuhesabu vichwa. Nje ya ukuta walikuwepo watoto wa Kiafrika, wengi wao wazazi wao wakifanya kazi au kuishi karibu na viwanja hivyo. Walikuwa wameutazama mchezo miaka mingi, wakijua kila kitu isipokuwa uzito wa gongo la kweli mkononi. Aliyekuwa anaokota mipira akaambiwa, hebu tupa mmoja. Akatupa, mpigaji akashindwa kuuona.

Ushahidi wa jinsi mchezo ulivyoenea naupata katika majina. Tazama timu za Kenya za miaka ya 1990 na 2000: Tom, David na Steve Tikolo, ndugu watatu. Edward na Maurice Odumbe, ndugu wawili. Kennedy, David na Collins Obuya, watatu tena. Martin na Tony Suji. Katika kikosi cha wachezaji 15 kilichokwenda Kombe la Dunia la 2003, watano walitoka katika nyumba mbili tu. Wengi walilitaja jambo hilo kama hadithi tamu ya familia, na ni tamu kweli. Lakini mchezo ulioenea nchini humpata mchezaji mmoja Kisii, mwingine Kakamega, mwingine Voi. Unapowapata ndugu watatu mezani pamoja, ujue mchezo umepita kwa jirani. Kaka amepanda ukuta, amerudi na gongo lililopasuka, na wadogo zake wamejifunzia hilohilo kichochoroni.

Upande wa Waasia ulikuwa mdogo vivyo hivyo. Hitesh Modi alipokuwa akiichezea Kenya dhidi ya Bangladesh mwaka 2006, mwamuzi aliyemnyooshea kidole kumtoa alikuwa Subhash Modi, baba yake mzazi. Naipenda habari hiyo kwa uadilifu wa yule mzee. Hata hivyo inaonyesha pia kwamba ulimwengu mzima wa kriketi ya Kenya ungeweza kuketi katika ukumbi mmoja wa harusi.

Sasa nirudi kwa kambi ya pili, inayozitetea klabu, maana ina hoja nzito ambayo haisemwi vya kutosha. Kriketi ni ghali. Gongo, pedi, glavu, kofia ya chuma na mpira wa ngozi ni vitu ambavyo mzazi wa Shauri Moyo hangeweza kuvinunua hata kwa mshahara wa miezi. Kiwanja kinataka ukanda wa katikati uliosawazishwa kama meza, mita 20 za udongo ulioshindiliwa na kumwagiliwa, na mtu wa kuutunza kila siku. Klabu zilitoa vyote hivyo. Tikolo alikomaa Swamibapa, Odumbe alichezea Aga Khan. Wapo wanachama waliowanunulia vijana viatu, waliowalipia nauli, waliowapa kazi dukani au ofisini ili wapate muda wa mazoezi. Kombe la nchi wanachama wadogo wa baraza la kriketi duniani lilipofanyika Nairobi mwaka 1994, karibu mechi zote zilichezwa katika viwanja vya klabu: Ruaraka, Aga Khan, Simba Union, Nairobi Club. Kenya ilifika fainali, ikashindwa na Falme za Kiarabu, lakini ikawa imekata tikiti ya Kombe la Dunia la 1996. Huko, mjini Pune, iliwatoa West Indies wote wakiwa na mikimbio 93 tu, baada ya yenyewe kupata 166. Rajab Ali alimtega Brian Lara, na Tariq Iqbal akaudaka ule mpira nyuma ya mpigaji. Nahodha alikuwa Odumbe, aliyeangusha wiketi tatu. Mjaluo, Mwislamu wa asili ya Asia na Mhindu walikumbatiana uwanjani wakiwa na jezi moja. Anayeibeza siku ile hajui Nairobi ya 1950 ilikuwaje.

Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba klabu ziliwatumia tu vijana wa Kiafrika. Nakubali hata hivyo kwamba kuna tofauti kubwa kati ya mchezaji na mwanachama. Mchezaji huja Jumamosi na kuondoka jioni. Mwanachama hupiga kura na kuamua kama kiwanja kitabaki kiwanja au kitageuzwa maegesho ya magari, na ndiye anayebaki na funguo. Wengi wa wale waliotuletea sifa waliingia kwa lango la wachezaji, na lango hilo hufungwa mtu anapostaafu. Hawakuweza kuwaingiza watoto wa mtaa wao kama wao walivyoingizwa. Kipaji walikirithisha ndugu, lakini uwanja hawakuwa na wa kumrithisha mtu.

Na wale viongozi? Ni kweli kwamba baada ya 2003 mambo yaliharibika kwa kasi ya kutisha. Odumbe alifungiwa miaka mitano Agosti 2004 kwa kujihusisha na mtu wa kamari. Wachezaji waligoma kwa sababu ya malipo. Chama cha zamani kilivunjika, na mwaka 2005 kikaundwa chombo kipya, Cricket Kenya. Kwenye Kombe la Dunia la 2011 Kenya ilipoteza mechi zake zote sita, na Tikolo akaaga. Siwatetei waliokuwa madarakani. Lakini uongozi mbovu hautoshi kueleza kwa nini mchezo ufe. Tazama soka ya Kenya, iliyofungiwa na FIFA mwaka 2022 kwa sababu serikali iliingilia uongozi wake. Je, watoto waliacha kucheza? Pale Kibera na kule Butere mpira wa makaratasi uliendelea kupigwa siku ileile, kwa sababu soka haihitaji ruhusa ya mwenyekiti wala ufunguo wa mtu. Kriketi iliposhindwa juu, chini hapakuwa na kitu cha kuishikilia.

Pwani jambo hili lilionekana mapema zaidi. Wamishenari wa Kiungani, Unguja, waliwafundisha wanafunzi wao soka na kriketi pia. Soka ikaruka ukuta wa shule na kuenea Ng'ambo nzima, watoto wakitengeneza mipira yao wenyewe na kucheza Mnazi Mmoja. Kriketi ikabaki kwa maafisa wa Kiingereza na jamaa za Kihindi. Watu walikuwa walewale na mji uleule. Mchezo mmoja ulihitaji uwazi tu, mwingine ulihitaji uwanja ulioandaliwa.

Anayesema basi Mwafrika hana moyo wa kriketi, namwomba avuke mpaka wa Busia. Uganda ni mfano unaoisumbua kila nadharia nyepesi. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Klabu zao zikabaki tupu. Kama kriketi ingekuwa mali ya Wahindi peke yao, ingezikwa mwaka ule. Haikuzikwa, kwa sababu Uganda ilikuwa na mlango mwingine: shule. King's College Budo, Busoga College Mwiri, Ntare na nyinginezo zilikuwa na kriketi katika ratiba yao kwa miongo mingi, na wachezaji wake walikuwa Waafrika. Waalimu waliosoma hapo wakarudi kufundisha hapo. John Nagenda wa Uganda alikuwemo katika timu ya Afrika Mashariki ya Kombe la Dunia la 1975, timu iliyojaa Waasia. Halafu fikiria Frank Nsubuga. Alianza kucheza kimataifa mwaka 1997 akiwa kijana wa miaka 16. Juni 2024, akiwa na miaka 43, alisimama Guyana kwenye Kombe la Dunia la T20, ile kriketi fupi, dhidi ya Papua New Guinea, akatupa ova zake nne, yaani mipira 24, akatoa mikimbio minne tu na kuangusha wiketi mbili. Uganda ikashinda mechi yake ya kwanza kabisa katika mashindano hayo. Miezi michache kabla, mjini Windhoek, ilikuwa imeishinda Zimbabwe na kufuzu. Juma Miyagi, mmoja wa watupaji wake, alitokea mitaa ya mabanda ya Naguru, Kampala.

Nimewahi kutamani kuishia hapo na kutangaza kwamba njia ya shule imeshinda njia ya klabu. Haingekuwa haki. Shule zile ni za bweni na za heshima, na mtoto wa maskini aliyeingia alikuwa na bahati. Anayemaliza kidato cha sita akitoka langoni hukuta viwanja vichache mno. Kampala nzima hukimbilia Lugogo na vingine vya kuhesabika. Na ile timu ya 2024 haikuwa ya wahitimu wa Budo na Mwiri peke yao. Riazat Ali Shah alizaliwa Pakistan. Alpesh Ramjani na Dinesh Nakrani walijifunza mchezo India kabla ya kuja kufanya kazi Uganda. Nusu karne baada ya kufukuzwa kwa Waasia, wahamiaji wapya kutoka Bara Hindi walisaidia kuinyanyua bendera ileile. Siku chache tu baada ya shangwe za Guyana, West Indies wakawatoa Waganda wote wakiwa na mikimbio 39 tu. Pengo bado ni kubwa.

Ninachokiona kwa Uganda ni ustahimilivu. Ilipita katika vita, njaa ya vifaa na miaka ya kusahaulika, na kila mwaka darasa jipya la watoto likaingia. Kenya ilipaa juu zaidi, ikiwa na mizizi michache zaidi. Ningechagua mfano upi? Mwaka 2003, nikiwa na redio sikioni, ningechagua wa Kenya bila kusita. Leo nachagua wa Uganda.

Kuna kundi moja la Kenya ambalo halikuingia kwa klabu wala kwa shule ya bweni. Kule Laikipia, vijana wa Kimaasai walianza kucheza mwaka 2007 walipofundishwa na mwanamke kutoka Afrika Kusini aliyekuwa huko kwa utafiti wa nyani. Walivaa shuka na shanga zao, wakaifananisha kazi ya kutupa mpira na kurusha mkuki, kisha wakautumia mkusanyiko huo kupinga ukeketaji wa wasichana na ndoa za utotoni. Mwaka 2013 walicheza Uingereza. Wapo wanaodai kwamba ni picha nzuri tu kwa ajili ya wafadhili. Naelewa wasiwasi huo, kwa sababu picha zenyewe zimezunguka dunia kuliko matokeo yao. Lakini vijana wale waliuchukua mchezo na kuupa kazi ambayo jamii yao iliihitaji, na hawakumsubiri mtu awafungulie lango. Sijaona klabu ya Nairobi iliyofanya hivyo kwa mtaa wa jirani yake.

Tanzania nayo imeanza kuvuna kutokana na miaka mingi ya kupeleka mchezo katika shule za sekondari: vijana wake chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la 2026. Lakini hata Dar es Salaam, mtoto akitoka kiwanja cha shule, kinachofuata ni Gymkhana au Annadil Burhani, na swali la nani ana ufunguo linarudi palepale.

Simaanishi klabu zinyang'anywe ardhi. Tanzania ilitaifisha majengo mwaka 1971, na waliohama walihama na ujuzi wao. Viwanja vya Ngara na Parklands visingekuwepo leo kama jamaa zile zisingevilinda, na wote tunajua yaliyozipata ardhi za umma Nairobi. Ninachodai ni kidogo zaidi na kigumu zaidi: mkataba wa maandishi kati ya klabu na shule za msingi zinazopakana nayo, siku mbili kwa juma, na viti vya kupiga kura kwa wachezaji waliovaa jezi ya taifa. Kwa upande wa kaunti, ukanda mmoja wa saruji wenye mkeka juu yake katika shule moja ya kila eneo bunge. Ukanda kama huo hauhitaji mwanachama wala mtunza nyasi, na ng'ombe akipita juu yake hauharibiki.

Rwanda walianza na kiwanja. Wengi waliorudi baada ya 1994 walikuwa wameujua mchezo huu uhamishoni, Uganda na Kenya, na kwa miaka walicheza Kicukiro katika uwanja wa shule ya ufundi ambako maelfu ya Watutsi waliachwa na wanajeshi wa Umoja wa Mataifa, kisha wakauawa. Wakaamua kutafuta fedha za kujenga mahali pao. Nahodha wao, Eric Dusingizimana, alisimama akipiga mipira kwa saa 51 mfululizo mwaka 2016 ili dunia iwasikie. Uwanja wa Gahanga ulifunguliwa Oktoba 2017, na tangu mwanzo ulikuwa wa mchezo wenyewe, bila jamaa wala klabu ya kuumiliki. Januari 2023 wasichana wa Rwanda chini ya miaka 19 walikwenda Afrika Kusini kwenye Kombe la Dunia la kwanza la umri wao. Henriette Ishimwe akawatoa Wazimbabwe wanne kwa mipira minne mfululizo, na siku chache baadaye timu hiyo ikawashinda West Indies. Uwanja wa Gahanga ulipofunguliwa, wengi wa wasichana wale walikuwa na miaka kumi na kidogo.